Santuri Imerudi, Kanda Zetu Ziko Wapi?

Mwaka 2016 kampuni ya santuri iitwayo Strut, ya London, Uingereza, ilitoa upya albamu ya Ave Africa ya bendi ya Sunburst. Bendi hiyo haikuwa ya Uingereza, wala ya Marekani, wala ya Kinshasa. Ilikuwa bendi ya Dar es Salaam. Albamu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1976, ikapotea machoni na masikioni mwa watu kwa miaka 40, na iliporudi ilirudi kwa mkono wa mgeni, katika santuri mpya zenye majalada mazuri na maelezo marefu ya historia.

Huenda msomaji wetu wa Bukoba, na hasa yule wa Bumbire, Ikuza, Kerebe au Goziba, akauliza jambo hili linamhusu nini. Tunasema linamhusu sana. Linawahusu pia watendaji wa serikali katika mkoa wetu wa Kagera, kuanzia ofisi ya kata hadi ya mkoa. Hatuna budi kulieleza kwa utaratibu, ili kila mmoja aone sehemu yake.

Tuanze na bendi yenyewe. Novemba 1969 wakuu wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa soul katika Dar es Salaam. Hoja yao ilikuwa kwamba vijana wa taifa changa wasilewe nyimbo na mavazi ya ng'ambo wakati taifa linajenga Ujamaa. Hoja hiyo haikuzuka hewani. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa, kwa kuwa aliona taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu. Swali lililobaki lilikuwa hili: kijana anayependa gitaa la umeme afanye nini? Aliache, au alifundishe kusema Kiswahili?

Sunburst, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilichagua njia ya pili. Vijana wale, miongoni mwao mwimbaji James Mpungo na mpiga gitaa Hembi Flory Kongo, waliuchukua muziki wa roki na soul wakauchanganya na midundo ya ngoma za kwetu. Waliimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Zipo nyimbo zao ziitwazo Simba Anguruma na Enzi za Utumwani, na majina hayo peke yake yanatuonyesha kwamba hawakuwa wakiiga tu. Walikuwa miongoni mwa watangulizi wa muziki wa aina hiyo katika nchi yetu, wakati bendi nyingi zilikuwa zikifuata mkondo wa rumba. Tangu mwaka 1973 sauti zao zilikuwa zikinaswa, na mwaka 1976 ndipo ilipotoka albamu yao, ambayo hawakuirekodi nyumbani bali Zambia.

Kwa nini Zambia? Hapa ndipo penye kiini cha habari. Katika miaka ile Tanzania ilikuwa na waimbaji wengi, ilikuwa na bendi za vyama vya wafanyakazi, za majeshi na za mashirika, na ilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam iliyozirekodi bendi hizo usiku na mchana. Lakini haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka wimbo wake uwe sahani ya kuuzwa dukani ililazimika kuutazama mji wa Nairobi, au nchi nyingine jirani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Njia ya santuri ikazibwa pamoja na njia ya bidhaa nyingine. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia ardhi ya mkoa huu wetu, uliokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi, na vita vikatutumia nguvu na fedha. Nani basi angekumbuka sahani za bendi ya vijana?

Kwa hiyo muziki wa miaka ile ulibaki mahali pawili. Mahali pa kwanza ni kanda za redio ya taifa, ambazo leo ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Mahali pa pili ni mikononi mwa watu, hapa sahani moja, pale kaseti moja. Ave Africa, iliyotengenezwa nje na kusambaa kwa uchache, ikawa kitu cha kutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya. Wao waliitafuta, wakaipata, wakazungumza na wahusika, wakaunganisha albamu hiyo na nyimbo za miaka ya nyuma yake, wakaiita The Complete Recordings 1973–1976. Neno hilo maana yake ni kwamba waliukusanya urithi wote wa bendi hiyo mahali pamoja. Sisi tulikuwa na miaka 40 ya kufanya kazi hiyo na hatukuifanya.

Wako wanaodhani kwamba santuri ni chombo cha kale, na kwamba jambo hili ni anasa ya wazee. Hesabu za biashara zinasema vingine. Nchini Marekani, mwaka 2022, ziliuzwa santuri zipatazo milioni 41, na CD zipatazo milioni 33. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987 santuri kuzipita CD kwa idadi. Katika zama ambazo wimbo unapatikana bure kwenye simu ya mkononi, watu wenye fedha wamerudi kutaka kitu cha kushika, chenye jalada na chenye historia. Na historia wanayoitaka sana ni ile ambayo haijasikika. Ndiyo sababu wanaitafuta Addis Ababa, wanaitafuta Nairobi, wanaitafuta Zanzibar na Dar es Salaam. Kesho watafika Bukoba na Muleba. Watakapofika watatukuta na nini mkononi?

Mkulima wa Kagera anaielewa habari hii kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu anaijua buni. Kwa miaka mingi tumevuna, tumeanika, tumejaza magunia, tumepeleka melini, na kahawa yetu imekwenda kukaangwa na kufungwa katika makopo ya watu wengine. Bei ya gunia tumepangiwa na bei ya kopo tumepangiwa. Hata hivyo hapa hapa Bukoba, tangu miaka ya 1960, tunacho kiwanda cha TANICA kinachotengeneza kahawa ya unga ya kuyeyuka. Kuwapo kwake ni ushahidi kwamba hatua ya mwisho ya kazi inaweza kufanyika kwenye mji ule ule inakoanzia. Wimbo nao ni buni. Anayeuimba ni mkulima, anayeunasa ni mnunuzi, na anayeutia katika jalada na kuandika jina lake nyuma yake ndiye mwenye kopo. Hatusemi mwenye kopo ni mwizi. Tunasema asiyekuwa na daftari la mavuno yake hawezi kujadiliana naye bei.

Mwaka ule ule wa 2016 ulituletea mambo mengine mawili yanayofaa kuwekwa kando ya habari hii. La kwanza ni la furaha. Diamond Platnumz, akishirikiana na Rayvanny, alitoa wimbo wa Salome, ambao msingi wake ni wimbo wa mwanamke wa mkoa huu, Saida Karoli. Ule wa kwanza, Maria Salome, ambao wengi wanaujua kwa jina la Chambua Kama Karanga, ulisikika nchi nzima tangu mwaka 2001, na uliimbwa kwa Kihaya bila kumwomba radhi mtu yeyote. Wasukuma waliuimba, Wazaramo waliuimba, na hata asiyejua neno moja la lugha hiyo alicheza. Baada ya miaka 15 wimbo huo ukarudi tena na kuvuka mipaka. Hapa tuna ushahidi wa nyumbani kwamba sauti ya Kagera ina thamani, na kwamba thamani hiyo haiishi kwa mwaka mmoja.

Jambo la pili ni la huzuni. Tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliitikisa Bukoba na wilaya jirani. Tuliwazika ndugu zetu, na nyumba nyingi zilianguka au kupasuka. Nyumba inapoanguka, watu huhesabu mabati, matofali na vitanda. Hakuna anayehesabu sanduku la kaseti lililokuwa chini ya kitanda, wala picha za harusi, wala daftari la nyimbo za marehemu. Lakini huko ndiko ilikokuwa kumbukumbu yetu, kwa sababu hatukuwa tumeiwekea mahali pengine.

Sasa tuitazame hazina yenyewe. Kabla ya gitaa na kabla ya santuri, nchi hii ilikuwa na enanga. Ni chombo cha mti uliochongwa kama hori, chenye uzi mmoja mrefu unaopitishwa ukienda na kurudi mpaka unakuwa nyuzi kadhaa. Manju wake hakuwa mpiga ala tu. Alikuwa mtunza historia, msema kweli wa baraza, na msimulizi wa mashujaa na watawala. Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, amesimuliwa kwa enanga. Kachwenyanja amesimuliwa kwa enanga. Habibu Selemani, mmoja wa mamanju mashuhuri wa sanaa hiyo, alisikilizwa na kuchunguzwa na wataalamu, na Profesa M. M. Mulokozi aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya tendi za enanga za Wahaya katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Kwa kazi hiyo aliwajibu wale waliodai kwamba Mwafrika hana utendi. Nanga ya chombo humzuia baharia asichukuliwe na mkondo; enanga nayo ilituzuia sisi tusichukuliwe na usahaulifu.

Hata hivyo, anayetaka kusikia ala za nchi yetu zilivyopigwa katika mwaka 1950 atafanyaje? Ataelekea Afrika ya Kusini. Mwaka huo Hugh Tracey alipita Tanganyika na Uganda na mitambo yake ya kunasa sauti, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Miongo mingi baadaye, baadhi ya sauti alizonasa Tanganyika zilitolewa upya katika CD huko Uholanzi. Tunamshukuru aliyezihifadhi. Lakini tuseme pia kwamba maktaba hiyo hiyo, katikati ya miaka ya 2010, ilizirudisha nakala za nyimbo za Wakipsigis kwao Kenya, zikasikilizwa vijijini na jamaa za waliozipiga. Kwa hiyo si ndoto kuomba nakala. Wengine wameomba, wamepewa.

Wana visiwa wanayo sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. Katika Ziwa letu, kisiwani Ukerewe, Mzee Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikitafsiri kitabu hicho yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na kilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka 1981 mwandishi alifariki dunia. Miaka 35 kazi ile ilikaa ikingoja mchapishaji. Ilisalia kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ilikuwa imeandikwa. Kama Mzee Kitereza angeliitunza moyoni peke yake, ingelizikwa pamoja naye.

Visiwa vya Muleba navyo si visiwa vya kabila moja. Kwenye mialo yake wamekutana Wahaya, Wazinza, Wakerewe, Wajita, Wasukuma na wengine, wanaovua dagaa usiku kwa taa na sangara kwa nyavu. Watu wakikutana hivyo, nyimbo nazo hukutana. Nyimbo za kuvuta kokoro, za kupiga makasia, za kungoja waliochelewa ziwani na za kuwalilia wasiorudi ni nyimbo zisizopatikana katika duka lolote. Mashine ya boti imekwisha kuchukua nafasi ya kasia, na wimbo wa kasia hauna tena kazi ya kuufanya uishi. Ukinyamaza mwaro, hautazungumza tena.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tunaujua uzito wa elimu ya kifuani. Mwanafunzi huisikia aya kutoka kwa mwalimu, naye aliisikia kwa mwalimu wake, na mnyororo huo ukikatika pete moja, kazi ya vizazi huharibika. Ndiyo maana waliotutangulia hawakutosheka na kifua, waliandika pia. Shule ya serikali nayo ilitufundisha daftari na mhuri. Elimu zote mbili zinakubaliana katika jambo hili moja: hifadhi ina sharti la ushahidi.

Serikali kwa upande wake imekwisha kutoa chombo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria hiyo hiyo inazitambua sanaa za jadi, ambazo hazina mtunzi mmoja, na matumizi yake ya kibiashara nje ya mazingira ya asili yanahitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa hiyo mjane wa mwanamuziki aliyeko kisiwani ana haki, na kijiji chenye ngoma yake kina haki. Lakini haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama fedha iliyofukiwa. Atakapokuja mgeni na karatasi ya mkataba iliyoandikwa kwa lugha isiyofahamika, mjane yule atasaini kwa bei ya kilo mbili za sukari, na hakuna sheria itakayomkimbilia kwa mtumbwi.

Tunajua kuna atakayetujibu kwamba wana visiwa wanahitaji gati, zahanati, maji safi na boti ya uokoaji kabla ya santuri. Jibu hilo ni la haki, na sisi hatuwezi kumwambia mama anayejifungulia kisiwani kwamba wimbo ni bora kuliko mkunga. Lakini kazi tunayoisema haichukui fedha ya zahanati. Inachukua simu ya mkononi ambayo tayari iko mfukoni mwa mtendaji, daftari moja, na saa mbili za kukaa na mzee. Tena gati linaweza kujengwa mwaka huu au miaka kumi ijayo; mzee wa miaka 85 hangoji bajeti.

Basi tunapendekeza mambo manne. Kwanza, maafisa utamaduni wa Bukoba na Muleba waanzishe orodha ya sauti za wilaya zao: nani anapiga enanga, nani anajua nyimbo za ziwani, nani ana santuri au kaseti za zamani, na ziko katika hali gani. Watendaji wa kata za visiwani wapewe kazi hiyo kwa maandishi, na taarifa zisomwe katika vikao kama zinavyosomwa taarifa za mapato ya samaki. Pili, nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, na Maktaba ya Mkoa iliyoko Bukoba iwe mojawapo, ili tetemeko au moto usitufilisi kwa siku moja. Tatu, mkoa uandike barua rasmi kwa Shirika la Utangazaji Tanzania na kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Rhodes kuomba nakala za kila kilichonaswa katika ardhi yetu. Nne, maofisa wa hakimiliki wafike mwaloni, wasingoje mwimbaji apande boti kuwafuata, na kila mkataba wa kurekodi usomwe kwa Kiswahili mbele ya mashahidi kabla ya kidole kutiwa wino.

Kwa wananchi tunasema hivi: msiuze sanduku la marehemu kwa muuza vyuma chakavu kabla hamjajua lina nini. Msifute kaseti ya babu ili mrekodi mahubiri au mpira. Andikeni juu yake jina la mwimbaji, mahali na mwaka. Jina likikosekana, hata santuri ikitengenezwa London kwa uzuri wote, haki haitajua imlipe nani.

Hatuna kinyongo na kampuni iliyoirudisha Ave Africa duniani. Imefanya kazi ya heshima, na vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 wamepata wasikilizaji ambao hawakuwaota. Lakini Sunburst ilipatikana kwa sababu mwaka 1976 mtu aliweka sauti yake juu ya sahani na jina lake juu ya jalada. Nyimbo za Bumbire na Goziba bado hazina sahani wala jalada, na aliyezihifadhi kifuani anakohoa usiku huu huu tunapoandika. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lifunguliwe sasa, na ukurasa wa kwanza uandikwe visiwani.